Shajara ya Mradi: Mita 30 za Upande wa Kulia

Jumamosi, 3 Januari

Leo tumeanza rasmi. Mimi ni beki wa kulia wa timu ya mtaa huku Kayole, na kwa misimu 4 nimekimbia juu ya ukanda ule ule wa ardhi, kuanzia mstari wa katikati hadi kwenye kibendera cha kona, mpaka nyayo zangu zimekijua kila kibonde kilichomo. Mita 30 hivi kabla ya kona pana tuta lililotokana na vifusi vya ujenzi vilivyomwagwa hapo zamani, vikafunikwa na udongo, na nyuma ya tuta hilo pana shimo ambamo maji hukaa siku nyingi mvua inaponyesha. Mpira unaopigwa chini chini mahali hapo huruka, hugeuka au husimama kabisa, na kwa sababu hiyo nimezoea kuupiga juu kila ninapofika pale, hata kama mshambulizi wetu yuko peke yake mbele ya lango akiomba pasi ya ardhini. Kocha huniambia kwamba sina pasi ya chini. Ninaamini kwamba uwanja ndio ulioninyang'anya pasi hiyo, na ninataka kuona kama uwanja uliorekebishwa utanirudishia.

Lengo letu ni kusawazisha ukanda wenye urefu wa mita 30 na upana wa mita 10, kuziba shimo lililo mbele ya lango la kaskazini, kuchimba mtaro wa kutoa maji, na kuchora upya mistari yote kwa vipimo vinavyotakiwa na sheria. Yote haya tunataka yakamilike kabla ya mvua ndefu, ambazo hapa Nairobi kwa kawaida huanza mwezi wa Machi na kuendelea hadi Mei. Mzee wa mtaa ametukubalia, kwa sharti kwamba watoto wa shule wasifungiwe uwanja hata siku moja. Tuko wachezaji 23, na tumeafikiana kwamba kila mmoja atamtumia mweka hazina shilingi 50 kila Jumamosi kwa M-Pesa.

Jumapili, 4 Januari

Kabla ya kugusa jembe tulihitaji kipimo cha kulinganisha, maana bila kipimo kila mmoja angesema mwishowe kwamba uwanja umekuwa mzuri kwa sababu tu ametokwa na jasho juu yake. Tulipanga kreti 3 za soda, tukaegemeza ubao juu yake, kisha tukauachia mpira uteremke wenyewe bila kusukumwa kuelekea kwenye tuta. Mbele ya ubao tulikuwa tumelaza kamba mbili zilizoachana kwa mita 1 na zenye urefu wa mita 6, na mpira uliofika mwisho wa kamba bila kutoka nje tuliuhesabu kuwa umefaulu. Tulirudia mara 10. Mipira 2 ilifaulu. Tulipohamishia ubao katikati ya uwanja, ambako ardhi ni tambarare, ilifaulu mipira 8. Tofauti hiyo ya 2 na 8 ndiyo mradi wenyewe.

Jumamosi, 10 Januari

Sheria za kandanda zinaruhusu uwanja wenye urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90, kwa hiyo uwanja wetu wa mita 92 kwa 58 umo ndani ya mipaka, ingawa miaka yote nilidhani ni mdogo kupita kiasi. Tatizo lilikuwa katika pembe zake. Kiungo wetu wa kati ni fundi mwashi, na ndiye aliyetufundisha njia wanayoitumia wajenzi wanapopanga msingi wa nyumba: unapima mita 3 upande mmoja wa pembe na mita 4 upande wa pili, na kama pembe imekaa sawa, kamba inayounganisha ncha hizo mbili itakuwa na mita 5 kamili. Yeye alitumia 6, 8 na 10, kwa maelezo kwamba kosa dogo huonekana vizuri zaidi katika umbali mkubwa.

Kamba yetu haikukubali. Tulipima basi kutoka kona hadi kona, tukapata mita 109.4 upande mmoja na mita 108.1 upande wa pili, ilhali katika uwanja wa ukubwa wetu pande zote mbili zinapaswa kuwa karibu mita 108.76. Kumbe tumekuwa tukichezea uwanja uliolala upande, na hakuna aliyejua. Tulivisogeza vibendera viwili vya upande wa magharibi kwa sentimita 77, tukapima tena hadi urefu ukalingana, na kiungo wetu akapigilia vigingi vya chuma kwenye kona zote 4, akivizamisha hadi usawa wa ardhi ili mtu asijikwae. Kazi hiyo ilitumaliza asubuhi nzima, lakini ni miongoni mwa asubuhi nilizozifurahia sana tangu nijiunge na timu.

Jumatano, 14 Januari

Leo hapakuwa na kazi ya uwanja, lakini naona ni vyema nieleze siku zetu zinavyokwenda, kwa kuwa mradi huu unafanywa na watu wenye shughuli nyingine. Mazoezi yetu ni Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu wengi wetu huingia kazini saa mbili. Mimi huamka saa kumi na moja, hunywa chai ya rangi, kisha hukimbia polepole kando ya Spine Road hadi uwanjani nikiwa nimezining'iniza njumu zangu begani. Ninafanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi, na mifuko ya saruji ya kilo 50 ninayoipakia kwenye mikokoteni kutwa nzima huyachosha mapaja yangu kuliko mechi ya dakika 90. Winga wetu mpya, aliyehamia huku kutoka Mombasa, alikata pumzi mapema katika wiki zake mbili za kwanza, jambo lisiloshangaza kwa mtu aliyezoea usawa wa bahari kisha akajikuta katika mji ulio kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700. Sasa ndiye anayetuacha nyuma sote.

Kuhusu njumu, nimenunua za mitumba Gikomba, zenye meno mengi mafupi ya mpira. Zile za meno 6 marefu ya chuma zinafaa kwenye nyasi laini, lakini juu ya ardhi yetu ngumu ya Januari humsimamisha mtu kama aliyevaa vigongo, na kifundo cha mguu ndicho kinacholipa.

Jumamosi, 17 Januari

Lango la kaskazini. Sheria inataka milingoti iachane kwa mita 7.32 na mwamba wa juu uwe mita 2.44 kutoka ardhini. Tulipopima kutoka kwenye udongo mzima ulio nyuma ya lango, mwamba ulikuwa mahali pake hasa. Tulipopima kutoka anaposimama kipa, tulipata mita 2.62. Miguu ya walinda lango wa miaka mingi imelichimba shimo la sentimita 18 kwenye mstari wa goli, na kila aliyesimama pale amekuwa akilinda lango refu kuliko lile la upande wa pili.

Kipa wetu si mrefu. Msimu uliopita alifungwa mabao kadhaa ya mipira iliyopita juu ya vidole vyake katika lango hilo hilo, na tulimlaumu, nami nilikuwa mmoja wa waliomlaumu. Alisimama ndani ya shimo, akanyoosha mkono kuelekea kwenye mwamba, akatuangalia mmoja mmoja bila kusema neno. Nilimwomba radhi pale pale, na ninaiandika hapa ili ibaki.

Shimo tumelijaza kwa vumbi la mawe kutoka kwenye matimbo ya Njiru, lililochanganywa na udongo mwekundu, tukilimwaga tabaka la sentimita 5 kwa wakati mmoja, tukilinyunyizia maji na kulipiga kwa gogo kabla ya kuongeza jingine. Kwa kuwa mstari wa goli umegeuka kidogo baada ya kusogeza vibendera, mlingoti mmoja ulilazimika kung'olewa na kusimikwa upya sentimita 10 kutoka ulipokuwa.

Jumamosi, 24 na 31 Januari

Wiki mbili za jembe. Tuta tulilikata hadi usawa wa ardhi inayolizunguka, na tulichokitoa ndani yake kinasikitisha: vipande vya matofali, misumari, vioo vya madirisha, vigae, na waya wa kufungia nondo uliojikunja kama mzizi. Juu ya vitu hivyo watoto wamekuwa wakicheza peku. Misumari na vioo tumeviweka ndani ya magunia na kuvitoa uwanjani. Mawe na matofali tumeyalimbikiza pembeni, kwa kuwa yatafaa kwenye mtaro.

Chini ya vifusi tulikutana na udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaotawala sehemu kubwa ya upande huu wa mashariki wa Nairobi. Watu wa magharibi na kaskazini mwa jiji, wenye udongo mwekundu, hawaujui usumbufu wake. Unapolowa huvimba na kunata hadi kila kiatu kikawa na uzito wa matofali mawili; unapokauka husinyaa na kupasuka. Mwishoni mwa Januari nilipenyeza kiganja changu chote katika ufa mmoja karibu na kibendera cha kona. Kiungo wetu anasema kwamba kwenye nyumba udongo huo huchimbwa na kuondolewa kabisa kabla ya kujenga, kwa sababu hupasua sakafu na kuta. Hatuna uwezo wa kuuondoa wote katika mita 300 za mraba. Tumeuondoa ndani ya shimo pekee, ambako maji hukaa, na kwingineko tutaweka tabaka juu yake huku tukijua kwamba litahitaji kuangaliwa kila msimu.

Jumamosi, 7 Februari

Lori la kwanza la changarawe nyekundu limefika saa moja asubuhi. Hazina ilikuwa na shilingi 6,150, lori lilikuwa 6,500, na kocha akaongeza 350 kutoka mfukoni mwake. Lori la pili limelipiwa na mwenye duka ninapofanya kazi, nami nitakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara hadi Juni. Nimekubali kwa moyo mweupe. Kwa jumla tumepata takribani mita 12 za ujazo, ambazo zikitandazwa juu ya ukanda wote ni unene wa sentimita 4 kwa wastani. Tumezihamisha kwa wilbaro 2, safari kama 200, tukipokezana. Kijana mmoja wa darasa la saba alitusaidia tangu asubuhi hadi jioni, na alipoulizwa anataka nini, aliomba acheze dakika 10 za mazoezi pamoja nasi Jumanne. Atacheza.

Mazungumzo ya wilbaro yalirudi tena na tena kwa mechi ya Agosti 2025 pale Kasarani, katika mashindano ya CHAN, timu yetu ya taifa, Harambee Stars, ilipoifunga Morocco 1-0 wakiwa wamebaki 10 uwanjani. Sote tuliitazamia kwenye kibanda kimoja. Wengine wanakumbuka bao la Ryan Ogam. Mimi ninakumbuka namna mpira ulivyobingirika: ulikwenda pale pale mtu alipoutuma.

Jumamosi, 14 Februari

Tumekuja 6 tu. Tulishindilia changarawe kwa pipa la lita 200 lililojaa maji, ambalo uzito wake unazidi kilo 200, tukiliviringisha kwenda na kurudi. Hatukumaliza nusu ya ukanda.

Nikiwa nasukuma pipa nilikumbuka mechi za mashindano ya mtaani ya Koth Biro nilizozitazama zamani kwenye uwanja wa Umeme, Ziwani. Jina hilo ni la Kijaluo, na maana yake ni kwamba mvua inakuja. Watu walikuwa wamejipanga kuuzunguka uwanja wa vumbi hadi hapakuwa na nafasi ya mshika kibendera kukimbia, na wachezaji wa ligi kuu walichuana na vijana wa mitaani juu ya ardhi moja. Kocha wetu husema kwamba mchezaji aliyelelewa juu ya vumbi hukomaa mapema, na ni kweli kwamba Victor Wanyama alikulia Muthurwa kabla ya kufika Celtic na Tottenham. Lakini sikubaliani na wanaotumia mifano hiyo kuwa sababu ya kuuacha uwanja kama ulivyo. Kwa kila mmoja aliyefika mbali, nimewaona wengi zaidi walioacha mchezo kwa sababu ya goti lililopinda kwenye shimo ambalo lingezibwa kwa wilbaro 3.

Jumamosi, 21 Februari

Ukanda umeshindiliwa wote na leo tumechora mistari. Eneo la penalti linatoka mita 16.5 kutoka kila mlingoti na kuingia uwanjani umbali huo huo, hivyo upana wake wote ni mita 40.32. Alama ya penalti iko mita 11 kutoka langoni. Ile yetu ya zamani ilikuwa mita 10. Duara la katikati lina nusu kipenyo cha mita 9.15, nasi tulilichora kwa kamba iliyofungwa kwenye kigingi. Tulitumia chokaa ya ujenzi niliyoinunua mimi mwenyewe dukani kwetu.

Jumapili, 22 Februari

Kosa kubwa la mradi huu ni langu. Katika mechi ya kirafiki, winga wetu aliteleza kuuokoa mpira karibu na mstari wa pembeni, paja likachubuka kama kawaida ya uwanja huu, na chokaa ikaingia kwenye mchubuko. Mwanzoni hakulalamika. Baada ya robo saa alianza kuhisi moto, na tulipoangalia, ngozi ilikuwa nyekundu pande zote za jeraha na malengelenge yameanza kujitokeza. Tulimmwagia maji safi jerikeni baada ya jerikeni kwa zaidi ya dakika 20, kisha tukampeleka kliniki, ambako muuguzi alilisafisha jeraha na kutueleza kwamba chokaa ya ujenzi, hata iliyokwisha kuzimwa, huunguza ngozi inapokutana na maji au jasho, na kwamba ikiingia jichoni inaweza kuharibu uwezo wa kuona.

Ninauza chokaa hiyo kila siku. Ninawaona mafundi wakiifungua mifuko wakiwa wamevaa glavu. Sikufikiri. Jioni tulirudi 4, tukaifagia na kuiosha mistari yote hadi giza likatukuta, kwa sababu kesho yake watoto wangeingia uwanjani.

Jumamosi, 28 Februari

Suluhisho limetoka kwa dada yake kipa, anayefuga kuku. Duka la pembejeo huuza unga mweupe wa mawe ya chokaa, unaochanganywa kwenye chakula cha kuku ili maganda ya mayai yawe magumu. Huo ni mawe yaliyosagwa tu, hayakupitishwa motoni kwenye tanuri, kwa hiyo hauunguzi. Niliupaka kwanza kwenye mkwaruzo wa goti langu mwenyewe, nikakaa nao nusu saa, nikanawa. Hapakuwa na lolote. Weupe wake umefifia kidogo ukilinganishwa na ule wa awali, lakini mwamuzi anauona. Paja la winga linapona, na ameanza kukimbia.

Jumamosi, 7 Machi

Mtaro ulikuwa umechimbwa katikati ya wiki, nusu mita kwenda chini, ukajazwa mawe na matofali yaliyotoka kwenye tuta. Jana usiku mvua ya kwanza ya kweli imenyesha. Nilifika uwanjani saa kumi na mbili na kukuta ukanda wetu umekauka vizuri, nikafurahi, hadi nilipomwona mama anayeuza mboga kwenye kona akiwa amesimama mbele ya kibanda chake katikati ya dimbwi.

“Mwanangu,” aliniambia, “maji yenu mmeyaondoa kwenu mkaniletea mimi.”

“Samahani sana, mama. Leo hatuondoki hapa mpaka yapate njia nyingine.”

Tulikuwa tumekisia mteremko kwa macho. Safari hii kiungo wetu alileta bomba la plastiki linaloonyesha ndani, akalijaza maji, na kwa kulinganisha usawa wa maji katika ncha zake mbili tukaona kwamba ardhi inainama kuelekea barabarani. Mita 9 za mwisho tulizichimba upya hadi kwenye mfereji wa barabara, na tulimwagia kibanda cha mama wilbaro 2 za changarawe iliyosalia. Saa saba mchana alitutumia sufuria ya chapati na madondo, akakataa kulipwa.

Jumapili, 15 Machi

Mechi ya kwanza ya ligi nyumbani baada ya matengenezo. Dakika kama ya 30 nilipata mpira pale pale lilipokuwa tuta. Mguu wangu ulijiandaa kuupiga juu. Niliuhisi ukijiandaa, kifundo kikilegea na mwili ukiegemea nyuma, kabla sijaamua lolote. Niliusimamisha mpira, nikapoteza nafasi, na beki wao akafika. Kipindi cha pili nilipata nafasi nyingine, na safari hii niliusukuma chini, kwa upande wa ndani wa mguu, ukapita nyuma ya mabeki wao wawili bila kuruka hata mara moja hadi kwenye njumu ya mshambulizi wetu. Akaupiga juu ya mwamba. Mechi iliisha 1-1. Kocha alinijia akanishika bega, akasema kwamba kuanzia Jumanne tutafanya mazoezi ya pasi hiyo.

Jumamosi, 21 Machi

Mvua imenyesha usiku 5 katika wiki hii. Tumerudisha kreti 3, ubao na kamba mahali pale pale pa Januari, tukauachia mpira mara 10. Imefaulu 7. Kabla ya mvua, tarehe 28 Februari, ilikuwa 8. Mipira yote 3 iliyotoka ilipinda mahali pamoja, na tulipoinama tuliona kwamba udongo mweusi ulio chini umevimba na kuinua changarawe kwa sentimita 2 hivi. Tumeweka alama ya rangi. Hatutapagusa mpaka ardhi ikauke, maana kukata sasa ni kutengeneza shimo la Julai. Upande wa kushoto bado haujapimwa, na beki wa kushoto ameniomba nimwazime kamba Jumamosi ijayo.